Maneno Mawili, Barabara Moja: "Relocation" na "Resettlement"

[Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.]

Kama uko Dzaleka, iwe ni Likuni, Kawale, Zomba au Karonga, karibu. Kama umeshuka mjini Lilongwe, uko City Centre unafuatilia karatasi yako, na unatusikiliza kwenye simu huku umekaa kivulini ukingoja jina lako liitwe, karibu pia. Na wewe unayesoma mazungumzo haya kwenye karatasi kwa sababu redio yako imeishiwa betri, karibu. Ukimaliza, msomee na jirani asiyejua kusoma.

Leo tunazungumza juu ya maneno mawili ya Kiingereza. La kwanza ni "relocation". La pili ni "resettlement". Nitayasema polepole, nawe uyarudie hapo ulipo, hata kama uko jikoni. Ri-lo-ke-shen. Ri-se-to-ment. Tena: ri-lo-ke-shen. Ri-se-to-ment.

Maneno ya Kiingereza ni mengi. Kwa nini haya mawili? Kwa sababu ofisini hayapiti siku bila kutajwa. Yote mawili yanaanza na "ri", kwa hiyo sikio lililochoka huyachanganya. Na kubwa zaidi, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna tabia ya kuyatafsiri yote mawili kwa neno moja tu: kuhamishwa. "Fulani amehamishwa." Amehamishwa wapi? Kutoka mjini hadi kambini? Kutoka nyumba hii hadi nyumba ile? Au amekwenda Canada? Neno ni lile lile, na maisha ni tofauti kabisa.

Nikupe mfano. Mfano huu nimeutunga ili tuelewane, si habari ya mtu fulani. Mama mmoja anaishi na watoto watatu. Kuna mtu jirani anayemtishia. Usiku mawe yanaanguka juu ya bati. Mama anaamka mapema, anapanga foleni ofisini, zamu yake inafika. Anamwambia mkalimani, "Mwanangu, nataka kuhamishwa." Mkalimani ni kijana, amekaa hapo tangu asubuhi, amekwisha tafsiri habari za watu wengi. Anamgeukia afisa na kusema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anataka "resettlement".

Afisa anamjibu kama anavyowajibu wote wanaotaja neno hilo: "Mama, resettlement haiombwi. Faili yako ikichaguliwa utaitwa." Mama anashukuru, anainuka, anarudi nyumbani. Usiku mawe yanaanguka tena.

Mama huyo hakuuliza habari za Canada. Aliomba kulala salama usiku ule, yeye na watoto wake. Neno alilolihitaji lilikuwa "relocation", na halikutajwa. Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo yetu ya leo.

[Muziki mfupi]

Tuanze na asili ya maneno haya, kwa sababu ukijua neno limetoka wapi, hulisahau upesi.

Herufi mbili za mwanzo, "re", maana yake ni "tena" au "upya". Hizo ziko katika maneno mengi ya Kiingereza, tuziweke pembeni. Tutazame kilichobaki.

Katika "relocation" kinabaki "location". Neno hili unalijua. Rafiki akipotea njia anakuandikia kwenye simu, "Nitumie lokesheni," nawe unamtumia alama ya mahali ulipo kwenye ramani. Waliokaa Kenya wanajua pia kwamba huko "location" ni eneo lenye chifu wake. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mahali. Basi "relocation" ni kubadilishwa mahali. Ulikuwa pale, sasa uko hapa. Neno lenyewe halisemi lolote juu ya haki zako, hati zako, wala muda utakaokaa. Linasema mahali tu.

Katika "resettlement" kinabaki "settlement", na ndani yake kuna "settle". Hili ni neno la kale la Kiingereza, ni ndugu wa neno la kiti na la kukaa. Ndiyo maana wazee wa Kenya waliwaita wazungu waliokuja kuchukua mashamba "masetla": watu waliokuja kukaa, wasio wapita njia. Watu wakimaliza ugomvi na kupatana, Mwingereza husema wame-"settle". Mtu akilipa deni lake lote, ame-"settle". Mtoto akilia sana kisha akatulia, naye ame-"settle". Unasikia kilichomo ndani ya neno hili? Kutulia. Jambo kufika mwisho. Kwa hiyo "resettlement" ni kuanza kukaa upya mahali ambapo unategemewa utulie.

Kwa asili, basi, maneno haya si ndugu. Moja limetoka Roma, jingine limetoka kwa Waingereza wa kale. Moja linazungumza juu ya mahali, jingine juu ya kukaa na kutulia. Yamekutana kwenye ofisi za wakimbizi tu, kama sisi wenyewe tulivyokutana hapa, mmoja ametoka Uvira, mwingine Bujumbura, mwingine Kigali.

[Muziki mfupi]

Sasa tutazame yanavyotumika. Tuanze na "relocation", na mifano iko hapa hapa Malawi.

Wazee wa kambi wanakumbuka kwamba palikuwa na kambi nyingine kusini, iitwayo Luwani. Ilifungwa mwaka 2007, na watu wake wakaletwa Dzaleka. Hiyo ilikuwa "relocation". Mwaka 2016 Luwani ilifunguliwa tena, kwa sababu watu wengi kutoka Msumbiji walikuwa wamevuka mpaka na kubanana katika kijiji cha Kapise, wilaya ya Mwanza. Wakatolewa Kapise wakapelekwa Luwani. Hiyo nayo iliitwa "relocation". Walipotoka walikuwa waomba hifadhi, walipofika walikuwa waomba hifadhi. Kilichobadilika ni mahali.

Tuje mwaka 2023. Mwezi Machi mwaka ule serikali ya Malawi iliamuru kwamba wakimbizi na waomba hifadhi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Walipewa hadi tarehe 15 Aprili kuhama kwa hiari. Mwezi Mei polisi walianza kuwakamata watu Lilongwe, na kati ya waliokamatwa walikuwamo watoto. Wengi wetu hatuhitaji kusimuliwa habari hiyo. Wapo wanaotusikiliza waliofunga duka siku ile na hawajafungua jingine hadi leo.

Katika taarifa za Kiingereza za wakati ule, neno lililoandikwa mara nyingi ni "relocation". Na hapa kuna jambo la kushika. Neno hili huja likiwa limefuatana na neno jingine mbele yake, na hilo la mbele ndilo linalokueleza hali ilivyo. Ukisoma "voluntary relocation", ni kuhama kwa hiari. Ukisoma "forced relocation", ni kuhamishwa kwa nguvu. Serikali ilitaja hiari, na mashirika mengi ya haki za binadamu yalitaja nguvu, juu ya safari ile ile ya malori. Kwa hiyo ukiona "relocation" kwenye karatasi, usiishie hapo. Soma neno lililotangulia.

Labda utauliza, je, serikali ina msingi gani wa kuamuru hivyo? Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 katika mwaka 1987, lakini ilipojiunga iliweka masharti kwamba baadhi ya vifungu haitafungwa navyo. Kimoja kati ya hivyo ni kifungu cha 26, kinachohusu uhuru wa mkimbizi kutembea na kuchagua mahali pa kuishi. Ndiyo maana hapa sera ni wakimbizi kukaa kambini.

Jambo hili halikutokea Malawi peke yake. Kenya, mwezi Desemba 2012, serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa mijini waende Dadaab na Kakuma. Hiyo pia iliitwa "relocation". Shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria likaenda mahakamani pamoja na wakimbizi wenyewe, na mwezi Julai 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi ikalifuta agizo hilo. Mwaka uliofuata serikali ikatoa agizo jingine, na safari hiyo mahakama ikaona halikuvunja katiba. Neno ni lile lile, uamuzi mara mbili ukawa tofauti.

Na Tanzania je? Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakapewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Baada ya miaka mingi, zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia wa Tanzania. Lakini mwanzoni mpango ulikuwa kwamba, wakishakuwa raia, watoke katika makazi yale na kutawanywa mikoani. Huko kutawanywa kuliitwa "relocation". Mpango huo ukasimama, na mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti vyao vya uraia bila kulazimika kuhama. Kwa hiyo hata mtu anayekaribia kuwa raia anaweza kukutana na "relocation".

Mpaka hapo umeona: "relocation" inaweza kuwa njema, inaweza kuwa mbaya. Inaweza kukuokoa na jirani anayerusha mawe, inaweza pia kukufungia duka. Lakini katika hali zote hizo, wewe unabaki ndani ya nchi ile ile, na kwa kawaida unabaki na hadhi ile ile. Ulikuwa mwomba hifadhi, bado ni mwomba hifadhi. Ulikuwa mkimbizi, bado ni mkimbizi.

[Muziki mfupi]

Sasa "resettlement".

Katika lugha ya UNHCR, mkimbizi ana njia tatu za kumaliza ukimbizi wake. Ya kwanza ni kurudi nyumbani kwa hiari, nyumbani kukiwa na amani. Ya pili ni kukubaliwa kuishi moja kwa moja katika nchi aliyokimbilia. Ya tatu ni kupelekwa nchi nyingine iliyokubali kumpokea na kumpa ukaaji wa kudumu. Hii ya tatu ndiyo "resettlement". Waliosoma Kifaransa kule Kongo wanaijua kama "réinstallation". Sisi kambini tunasema tu, "Fulani amesafiri." Hakuna anayeuliza amesafiri kwenda wapi, kila mtu ameelewa.

Tofauti na "relocation" sasa inaonekana. Hapa unavuka mpaka. Hapa hadhi yako inabadilika, kwa sababu nchi unayokwenda inakupa haki ya kuishi huko, na baada ya miaka kadhaa unaweza kuomba uraia wake.

Mambo manne juu ya "resettlement" yanafaa kusemwa bila kuzunguka.

Kwanza, si haki ambayo mtu anaweza kuidai. Kuwa mkimbizi hakukupi tiketi. Duniani kote, wanaopata nafasi hii kila mwaka hawafiki hata mmoja kati ya wakimbizi mia.

Pili, hakuna fomu ya kununua. UNHCR ndiyo inayotazama mafaili na kuchagua kwa vigezo vyake: mtu ambaye usalama wake au ulinzi wake wa kisheria uko hatarini, aliyenusurika mateso, mgonjwa ambaye matibabu yake hayapatikani hapa, wanawake na wasichana walio hatarini, watoto walio hatarini, familia zilizotengana, na wale ambao hawaoni njia nyingine yoyote ya kudumu. Urefu wa miaka yako kambini peke yake si kigezo. Najua neno hili ni gumu kwa mtu aliyefika hapa mwaka 1998.

Tatu, UNHCR inapendekeza tu. Nchi inayopokea ndiyo inayoamua. Inaleta maafisa wake, inafanya mahojiano yake, inapima afya, na inaweza kukataa. Inaweza pia kusimamisha mpango mzima. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha programu yake ya kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha pangiwa ndege waliambiwa safari imefutwa. Watu hao hawakukosea jibu lolote kwenye mahojiano. Uamuzi ulitoka mbali. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaojilaumu usiku kucha kwamba pengine walisema vibaya.

Nne, ni bure. Kuanzia simu ya kwanza hadi mlango wa ndege, hakuna mtu yeyote anayepaswa kukudai kwacha hata moja. Safari yenyewe inapangwa na shirika la IOM. Waliokwenda Marekani walikopeshwa nauli bila riba, na huilipa kidogo kidogo wakiwa wamekwisha fika huko. Hawamlipi mtu kambini, hawamlipi mtu City Centre, wala hawatumi pesa kwa simu.

[Muziki mfupi]

Nikupe picha ya kushika maneno haya mawili kichwani.

Unaijua barabara ya kutoka Dzaleka kwenda Lilongwe. Ni zaidi ya kilomita 40. Unapita Lumbadzi, na hapo karibu ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Kamuzu. Ukiendelea, unafika mjini.

Malori ya mwaka 2023 yalitoka mjini, yakapita Lumbadzi, yakapanda hadi Dzaleka. Hiyo ni "relocation". Basi la wanaosafiri linatoka Dzaleka, linashuka hadi Lumbadzi, linakata kwenda uwanjani, na halifiki mjini. Hiyo ni "resettlement". Barabara ni moja. Tazama gari linaelekea wapi na linaishia wapi.

Lakini nisikudanganye kwamba mambo ni mepesi kila mahali. Maneno haya yana watumiaji wengine. Zambia, kwa mfano, wakimbizi wa zamani kutoka Angola na Rwanda walitengewa ardhi huko Meheba na Mayukwayukwa, na maeneo hayo yaliitwa ya "resettlement", ingawa watu hawakutoka nje ya Zambia. Vilevile kampuni ikichimba madini au serikali ikijenga bwawa, wanavijiji wanaoondolewa huambiwa wako katika "resettlement". Kwa hiyo binamu yako aliyeko Zambia akikuandikia kwamba amepata "resettlement", usianze kuuliza kuna baridi kiasi gani. Muulize kwanza amepewa shamba wapi.

Na "relocation" nayo ina maana ya soko. Siku hizi kwenye simu kuna matangazo mengi: "Relocate to Canada", "Relocate to Australia", kazi ipo, nyumba ipo. Hapo neno lina maana ya kuhama kwa ajili ya kazi, na halihusu mpango wowote wa wakimbizi. Wengine wanaoweka matangazo hayo ni matapeli kabisa. Wanajua kwamba neno linafanana na lile tunalolingoja. Wanaweka nembo ya rangi ya buluu, wanataja "processing fee", yaani ada ya kushughulikia, na mtu anauza mbuzi wa mwisho.

Kuna na tapeli wa karibu zaidi. Huyu anakwambia kwa sauti ya chini, "Dada, ile orodha ya relocation imetoka, jina lako nimeliona, lakini kuna kitu kidogo cha kumpa mtu ofisini." Mwulize polepole, "Relocation au resettlement?" Mara nyingi atababaika. Akibabaika, umejua. Na hata asipobabaika, akitaja pesa umejua vilevile. Aliyekuomba pesa unaweza kumripoti UNHCR, na ripoti ya namna hiyo hupokelewa kwa siri.

[Muziki mfupi]

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ukifika ofisini, ufanye nini?

La kwanza: eleza hatari yako kabla hujataja neno lolote la Kiingereza. Usiseme "nataka kuhamishwa" ukanyamaza. Sema, "Ninapolala si salama. Mtu fulani alifanya hivi, usiku wa siku hii, na hii ni mara ya tatu." Taja tarehe kama unaikumbuka. Taja kama uliwaambia polisi au kiongozi wa eneo lako. Hatari iliyoelezwa vizuri huonyesha yenyewe ni msaada gani unaohitajika. Kuhamishwa kutoka eneo moja la kambi hadi jingine ni jambo linaloweza kuombwa na kuzungumzwa na uongozi wa kambi na ofisi ya ulinzi. "Resettlement" haifanywi leo kwa kesho. Na kusema unataka kuhama nyumba hakufuti faili yako ya mambo mengine.

La pili: ukitaja mahali, taja vizuri. Hapa Dzaleka tuna maeneo yenye majina ya miji. Ukisema "nilikuwa Kawale nikahamia Blantyre", sisi tunaelewa kwamba umevuka vichochoro vichache. Afisa mgeni anaweza kuandika kwamba umesafiri hadi mji wa Blantyre bila kibali. Sema, "Blantyre ya ndani ya kambi."

La tatu: kwenye mahojiano, sikiliza swali hadi mwisho. Ukiulizwa, "Have you ever been relocated?" wanauliza kama umewahi kuhamishwa mahali. Uliyeletwa kutoka Luwani, au uliyerudishwa kutoka Lilongwe mwaka 2023, jibu lako ni ndiyo. Ukiulizwa, "Have you ever been resettled?" au "Has anyone in your family been resettled?" wanauliza kama wewe au mtu wa familia yako alikwisha pelekwa nchi ya tatu. Mtu akichanganya hapo, akajibu ndiyo kwa sababu alipandishwa lori kutoka mjini, faili lake linaanza kuonyesha jambo ambalo halikutokea. Kulisahihisha baadaye inawezekana, lakini kunachukua muda, na muda wako tayari umeliwa vya kutosha.

La nne: una haki ya kuelewa. Usipoelewa, sema hujaelewa. Wengine tunaona haya kumuuliza mkalimani, hasa akiwa mtoto wa jirani, au akiwa wa kabila jingine. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Na wewe kijana unayetafsiri, nakuomba kwa heshima: mzee akisema "kuhamishwa", usikimbilie Kiingereza. Mrudie. "Mzee, kuhamishwa ndani ya kambi, au kwenda nchi ya tatu?" Ni sekunde tano. Sekunde hizo tano zingemfaa yule mama wa mfano wetu.

Sasa tufanye mazoezi. Nitasema sentensi, nawe urudie mara mbili. Usijali matamshi. Afisa hatakupa alama.

Ya kwanza: "I do not feel safe where I live." Maana yake, sijisikii salama ninapoishi. Rudia.

Ya pili: "I am asking for relocation inside the camp." Maana yake, naomba kuhamishwa ndani ya kambi. Rudia. Shika hayo maneno mawili ya mwisho kabla ya "camp", "inside the", kwa sababu ndiyo yanayoondoa utata wote.

Ya tatu: "Do you mean relocation or resettlement?" Maana yake, una maana ya kuhamishwa mahali, au kupelekwa nchi ya tatu? Hii ni sentensi ya kumuuliza mtu yeyote, awe afisa, mkalimani, jirani mwenye uvumi, au tapeli. Rudia.

Ya nne: "I need an interpreter, please." Maana yake, nahitaji mkalimani, tafadhali. Hata kama unajua Kiingereza kidogo, siku ya mahojiano makubwa iseme.

Na kwa Kiswahili chetu, tukubaliane hivi kuanzia leo. "Relocation" tuiite kuhamishwa mahali. "Resettlement" tuiite kupelekwa nchi ya tatu. Ni ndefu kidogo, lakini hakuna atakayekosea.

Jina lenyewe la Dzaleka, wenyeji watakwambia, linatokana na neno la Kichewa la kuacha. Hapa palikuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, na mfungwa alitegemewa aseme, "Nitaacha." Leo hapa tunaishi watu zaidi ya 50,000, mahali palipopangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Katika msongamano huo kila habari inapita midomo mingi kabla ya kukufikia. Ikikufikia habari ya kuhamishwa, iulize kwanza: nani anahamisha, kutoka wapi kwenda wapi, na je, hati yangu itabadilika? Ukipata majibu ya hayo matatu, utajua ni neno lipi kati ya mawili.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya neno "pending", ambalo wengi wetu tunalo kwenye faili, na tutaona lina tofauti gani na "rejected". Kama kuna neno lililokutatiza ofisini, liandike kwenye kipande cha karatasi kama ulivyolisikia, hata kama umekosea herufi, umpe kiongozi wa kikundi chako cha wasikilizaji. Tutalifanyia kazi.

Uwe na usiku wenye usalama, wewe na walio chini ya bati lako.

[Muziki wa kufungia]